Kaseti za Bibi: barua za sauti kati ya Wete na Muscat

Kisa ninachokichambua hapa ni cha ukoo mmoja wa Wete, Pemba, ambao nusu yake iko Muscat. Wenyewe wameniruhusu nikieleze bila majina, kwa hiyo nitawaita kama wanavyoitana: Bibi, aliyefariki 1991, Ami, mwanawe aliyekwenda Oman 1974 na akafia huko, Bi Mdogo, mdogo wake Bibi, ambaye yu hai na umri umeshapita themanini, na Mjukuu, binti wa kaka yake Ami, aliyenijia Unguja na bati la biskuti limejaa kaseti. Kazi yangu ni kuhamisha sauti za zamani kutoka kwenye kanda kuziingiza kwenye kompyuta. Nyingi zinazonifikia ni za harusi, maulidi na taarab. Hizi zilikuwa barua.

Kwanza tuelewe kwa nini watu walituma barua za namna hii. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wengi wenye nasaba ya Oman waliondoka Unguja na Pemba. Oman yenyewe wakati ule ilikuwa nchi iliyojifunga. Mambo yalibadilika Julai 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita waliotawanyika warudi, na mafuta yaliyoanza kusafirishwa 1967 yalikuwa yameleta kazi. Hadi leo ukikaa Muscat utasikia Kiswahili cha Pemba dukani na mlangoni mwa msikiti. Ami aliondoka akiwa kijana, akamwacha mama yake, kaka yake na shamba la mikarafuu.

Bibi alikuwa msomaji mzuri wa Kurani, lakini barua kwa herufi za Kizungu hakuiweza. Kila alipotaka kumwandikia mwanawe alilazimika kumwita kijana wa skuli wa jirani, akae naye ukumbini, amtajie neno kwa neno. Mambo ya ndani ya nyumba hayasemeki hivyo. Mama hawezi kumwambia mwanawe kwamba kaka yake amegombana na mkewe huku mtoto wa mtu anaandika. Ami alilijua hilo. Alipopata kazi alimpelekea mama yake redio kaseti ya National, na ndani yake kaseti aliyokwisha kuinasa. Kampuni ya Philips ilikuwa imeitoa kaseti ya namna hiyo 1963, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imeshaingia majumbani kwetu, nyingi zikiletwa na watoto waliokuwa Ghuba. Bibi alionyeshwa vitufe viwili vya kubonyeza pamoja, na tangu siku hiyo hakumwita tena kijana wa skuli.

Kaseti ilikwenda mkononi mwa msafiri. Aliyekuwa akisafiri alipewa, akapanda MV Mapinduzi mpaka Unguja, akamkabidhi mwingine, na huyo mwingine, baada ya wiki au miezi, akaifikisha Muscat. Jawabu lilirudi kwa njia hiyohiyo. Na barua ilikuwa barua kweli, yenye adabu zake zote. Bibi anaanza kwa Bismillahi, anatoa salamu, halafu: "Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni juu yako." Hapo ndipo habari zinapofuata: nani kaumwa, nani kaolewa, karafuu zimechanua au hazikuchanua. Kabla ya kumaliza anawaita majirani mmojammoja waseme salamu zao, na unasikia miguu ikija na watu wakisogezana mbele ya redio.

Mjukuu aliponiletea lile bati alikuwa na ombi moja. Alitaka sauti ya Bibi. Tatizo ni kwamba ndani ya bati, kwa kadiri walivyojua nyumbani, hamkuwa na sauti ya Bibi hata kidogo. Kaseti zilikuwa ghali, na hazikutumiwa mara moja. Bibi akinasa, kaseti ikifika Muscat, Ami anasikiliza mara mbili tatu, halafu ananasa jawabu lake juu ya sauti ya mama yake na kuirudisha. Mama naye ananasa juu ya sauti ya mwanawe. Kaseti moja ilikwenda na kurudi hivyo kwa miaka, na kila safari ilifuta iliyotangulia. Zilizobaki Wete ni zile ambazo mwisho wake zilikuwa na Ami. Zenye Bibi zilibaki Muscat kwa watoto wa Ami, nazo ni nne tu, za miaka ya mwisho kabla simu hazijachukua nafasi yake. Mjukuu alikuwa na umri wa miaka sita Bibi alipofariki. Alikuja kwangu akitumaini kwamba kompyuta inaweza kufukua kilichofutwa.

Kompyuta haiwezi. Ndani ya mashine ya kaseti kuna kichwa cha kufutia kinachotangulia kichwa cha kunasia, na ukanda ukishapita hapo wakati wa kunasa, kilichokuwapo hakirudi. Lakini hufutika pale tu ukanda ulipopita mashine ikiwa inanasa. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Ukiinasa upande mzima halafu mwenzako akanasa dakika ishirini juu yake na kuzima, dakika kumi za mwisho bado ni zako. Na Ami alikuwa mtu wa maneno machache. Kila kaseti anasalimu, anaeleza kazi, anauliza habari za shamba, anasema kapeleka nguo na sabuni, anaaga. Mama yake kinyume chake: mara nyingi anasema mpaka kaseti inajikata yenyewe.

Kwa hiyo ile sauti ilikuwapo siku zote, mwishoni mwa kaseti, baada ya Ami kuaga. Hakuna aliyeifikia kwa sababu kila mtu akisikia "wa billahi tawfiq" anajua barua imekwisha, anazima. Mimi sizimi; ninapohamisha kaseti naiacha ikimbie mpaka mwisho wa ukanda, pande zote mbili, hata kama ni kimya. Upande wa kwanza wa kaseti ya tatu, Ami aliaga, kikasikika kishindo cha kitufe, na mara ileile mwanamke akaingia katikati ya sentensi: "...nikamwambia basi mimi sikutaki ulete maneno, uje na hilo jamvi tuanike." Akaendelea kusema dakika saba na zaidi, hana habari kwamba mtu kamkata.

Vipande hivi nikaviita mikia, na jina hilo sasa linatumika katika ukoo mzima. Kaseti nyingi zilikuwa na mkia walau upande mmoja. Chache zilikuwa na mikia miwili iliyofuatana: Ami anaaga, anaingia Bibi wa karibu 1985 kwa dakika nne, anakatika, anaingia Bibi mwingine wa miaka mingi nyuma, sauti bado mbichi, na nyuma yake kuna mtoto analia. Hakuna mkia wenye mwanzo. Huwezi kujua habari ilianzia wapi wala alikuwa akijibu swali gani, na salamu zote zimefutika. Kilichobaki ni yale maneno ya mwisho, na watu wanaotuma barua za sauti mwisho ndipo wanapofunguka. Mwanzo Bibi anasema na mwanawe kwa heshima za barua. Dakika ya ishirini na tano anasema naye kama wamekaa pamoja kibarazani. Naamini kama zingefutika mwisho zikabaki mwanzo, ukoo ungepata salamu nyingi na Bibi kidogo.

Habari za mashine nitazipitia haraka. Bati lilikaa chini ya kitanda karibu na bahari, na kaseti kadhaa zilikuwa na ukungu mweupe juu ya ukanda. Kaseti yenye ukungu haipigwi. Ukungu unahamia kwenye mashine na kutoka hapo kwenye kaseti nyingine, na ukanda uliogandana hukatika. Zilikaushwa polepole mahali penye hewa kavu, ukanda ukasafishwa kwa brashi laini, nyingine zikahamishiwa kwenye maganda mapya. Katika nyingine kile kipande kidogo cha sifongo kinachosukuma ukanda kwenye kichwa kilikuwa kimebanduka gundi. Kila kaseti ilihitaji kichwa cha kusomea kipindishwe kidogo kwa bisibisi mpaka herufi za "s" na "sh" zisikike sawasawa, kwa sababu redio ya Wete na mashine ya Muscat hazikuwa zimekaa pembe moja. Nilihifadhi kwa faili za WAV zisizobanwa, 48 kHz na biti 24, ambazo kwa kaseti ya dakika 60 hufika kama gigabaiti moja. Na kabla ya yote nilivunja vile vimeno viwili vya plastiki juu ya kila kaseti ili mashine yoyote isiweze tena kunasa juu yake. Aliye na kaseti za wazee nyumbani na avivunje leo, hata kama hana mpango wa kuzihamisha mwaka huu.

Mjukuu alitaka nisafishe kelele ili abaki Bibi peke yake. Nilimtengenezea nakala hiyo kwa sababu ni haki yake, lakini nilimsihi tuanze kuisikiliza ile isiyosafishwa, tena mbele ya Bi Mdogo. Tukaenda Wete. Bi Mdogo alikaa juu ya mkeka, spika mbele yake, wajukuu na vitukuu wamemzunguka. Dakika moja haikupita akainua mkono tusimamishe. Hakuwa amesikia neno la dada yake bado. Alikuwa amesikia karafuu.

Nyuma ya sauti ya Bibi kuna mlio mkavu, mdogomdogo, usiokatika. Mimi nilidhani ni kasoro ya ukanda. Bi Mdogo alisema ni watu wanachambua: karafuu zinavunjwa kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vinavyozishika, na kuangukia jamvini, na walikuwa wengi, labda kumi, maana mlio haupumui. Kwa hiyo ulikuwa msimu mkubwa, ule unaokuja baada ya miaka kadhaa mikarafuu inapozaa kupita kiasi na kila mtu, mpaka mtoto wa skuli, anatiwa kwenye kazi. Halafu akasikia adhana kwa mbali akamjua muadhini kwa sauti, akataja alipofariki. Kwa vitu viwili hivyo, karafuu na muadhini, tuliuweka mkia ule mahali pake katika miaka, jambo ambalo lisingewezekana kwenye nakala iliyosafishwa. Pemba imekuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, na mtu aliyekulia kwenye zao hilo anausikia mwaka kwa masikio. Vijana waliokuwa pale walijua karafuu zinapimwa na kuuzwa. Mlio wa watu kumi wakichambua hawakuwa wameusikia, kwa sababu siku hizi kila nyumba inachambua yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililoutikisa ukoo. Zile kaseti nne za Muscat zililetwa Unguja kwa mkono wa msafiri, kama zilivyokwenda. Humo Bibi anasikika mwanzo mpaka mwisho, si mikia. Watoto wa Ami wamekua nazo. Baba yao alikuwa akizipiga kila Idd baada ya chakula, na wao, ambao hawakuwahi kumuona bibi yao, walimjua hivyo: mwanamke mwenye sauti nyembamba, ya harakaharaka, karibu ya msichana. Binti mkubwa wa Ami alikuwa akiwaimbia watoto wake kwa sauti hiyo akiwaambia, "Ndivyo bibi yenu alivyokuwa."

Nilipozisikia nikajua kuna kitu. Redio ya Wete ilitumia mawe, yaani betri, na mawe hayakupatikana kila mara. Mawe yakichoka, mota inazunguka polepole, na kinachonaswa kinachukua ukanda mfupi kuliko kinavyostahili. Kaseti hiyo ikienda kupigwa kwenye mashine ya umeme kamili, ukanda unakwenda mwendo wake wa kawaida na sauti iliyonaswa inakimbia na kupanda. Bibi aliyenaswa Wete kwa mawe yaliyochoka akapigwa Muscat kwa umeme lazima atoke msichana.

Swali likawa alikimbia kwa kiasi gani. Bahati ilikuwa kwamba kwenye kaseti moja, wakati Bibi anasema, redio ya jirani inapiga wimbo wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa Unguja 1905, na rekodi ileile ya wimbo huo ninayo. Nikapima kipande kilekile: kwenye rekodi yangu ni dakika moja, kwenye kaseti ya Bibi ni sekunde 53 na kitu. Tofauti ni karibu asilimia 12. Hicho kilikuwa kipimo cha mahali pamoja tu, na mawe huzidi kuchoka upande unavyoendelea, kwa hiyo sehemu nyingine nilirekebisha kidogokidogo kisha nikamwachia Bi Mdogo ahukumu. Alikuwa akinyoosha kidole chini, "bado, mteremshe," mpaka akafika mahali akanyamaza, halafu akamjibu dada yake kwa sauti, "Labeka."

Wete walilia, wakasema huyu ndiye. Muscat walipopelekewa, binti mkubwa wa Ami alinipigia simu. Hakuwa na hasira, ila alisema maneno ambayo nimeyafikiria sana: yule mwanamke mzito wa sauti hamjui, na anaomba arudishiwe bibi yake.

Mtu wa kazi yangu ana jibu rahisi hapo, kwamba kipimo ni kipimo na sauti ya kweli ni iliyorekebishwa. Kwa upande wa sauti iliyotoka kinywani mwa Bibi siku ile, ni kweli. Lakini kinachohifadhiwa na ukoo si kinywa cha Bibi peke yake. Kuna miaka zaidi ya thelathini ambayo sauti ile nyembamba ilisikika nyumba ya Muscat kila Idd, Ami amekaa kimya anamsikiliza mama yake, na watoto wanamtazama baba yao. Ami mwenyewe bila shaka alijua kwamba mama yake hakuwa na sauti ile. Alikulia mikononi mwake. Hakuwaambia. Labda alijua kasoro ni ya mawe, labda baada ya miaka kumi na tano ya kuisikia hivyo hata yeye alishaizoea. Watoto wake wakiipoteza ile sauti wanapoteza pia zile Idd za baba yao.

Kwa hiyo zimehifadhiwa zote mbili, na si kama nakala nzuri na mbaya. Faili moja imeandikwa "kama ilivyosikika Muscat", nyingine "kama alivyosema Wete", na kwenye maelezo imeelezwa habari ya mawe, ya wimbo, na ya Bi Mdogo kunyoosha kidole. Anayetumia mashine kusafisha na kunyoosha sauti za wazee ningemwomba afanye hivyohivyo: ile ya asili isiguswe, na kila marekebisho yaandikwe pembeni yalifanywa na nani, kwa kipimo gani, na kwa sikio la nani.

Mwaka 1688 mwanafunzi mmoja wa udaktari huko Basel, Uswisi, Johannes Hofer, aliandika kwamba kuwaza mno nyumbani ni maradhi, akitoa mifano ya watu walioishi mbali na kwao. Watafiti wa siku hizi, wakiwamo Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton, wameonyesha kinyume: mpweke akikumbuka ya zamani hujisikia ana watu. Nikimsikiliza Ami naona wote wana hoja. Katika kaseti za mwanzo anataja kila kitu cha kwao kwa uchungu: mvua, pweza, hata matope ya njia ya shamba. Miaka ikipita uchungu unapungua, na anaanza kuuliza maswali ya mtu anayetaka kuvifanya vitu vile huko aliko.

Moja ya maswali hayo lilihusu mkate wa kumimina. Mkewe anaupika hautoki kama wa nyumbani, mama aeleze. Na katika mkia mmoja mrefu mama anaeleza. Mchele uloweke usiku kucha, uusage na tui zito, sukari, iliki, hamira, uuache uumuke, halafu sufuria yenye mafuta juu ya makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko. Vipimo vyake ni hivi: mchele vikombe viwili, "kile kikombe cha baba yako". Sukari kiganja "changu, si chako".

Mjukuu alilichukulia jambo hili kama amana. Akaulizia kikombe nyumba zote za ukoo. Kilipatikana kwa Bi Mdogo, ni cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu uliomomonyoka, kimetoboka chini na kinatumika kukorogea chokaa. Wakakisafisha, wakaziba tundu kwa nta, wakakijaza mchele na kuumimina kwenye jagi la kupimia: mililita 300 kasoro kidogo. Kiganja cha Bibi hakipatikani tena, wakatumia cha Bi Mdogo. Mkate wa kwanza ulitoka mzito. Bi Mdogo aliuonja akauliza, "Ute wa yai mmeutia?" Hawakuutia, kwa sababu Bibi hakuutaja. Bi Mdogo alishangaa: nani ataje ute wa yai? Kila mtu anajua.

Kwangu hili ndilo funzo kubwa la kazi nzima, na ndilo ninalowaeleza wanaoniletea kaseti, picha na daftari za wazee. Bibi alikuwa anasema na mtu aliyekulia jikoni kwake. Alimwambia asichokijua na kuacha anachokijua. Mtu wa kizazi cha tatu anayesikiliza peke yake, hata kwa spika nzuri kiasi gani, anapata nusu iliyosemwa, na nusu isiyosemwa ilikuwa kubwa. Nusu hiyo haimo kwenye ukanda, imo kwa Bi Mdogo. Ndiyo maana siku hizi mtu akinijia na kaseti, kabla ya kuuliza ni ngapi na zina hali gani, namuuliza aliyebaki anayewajua hawa wanaosema ni nani, na anaishi wapi. Mashine inaweza kungoja mwaka. Mzee wa miaka themanini na kitu sithubutu kumngojesha mwezi.

Tulipokuwa Wete, kila kikao cha kusikiliza chenyewe kilinaswa kwa simu iliyowekwa katikati ya mkeka. Bibi anasema, Bi Mdogo anamkatiza na kufafanua, mwingine anabisha, mtoto anauliza makonyo ni nini. Faili hizo zina thamani kwangu sawa na za kaseti, na zimewekwa pamoja nazo kwa mpangilio, mkia na kikao chake. Nakala ziko Wete, Unguja na Muscat, kwenye diski za aina mbili tofauti. Sehemu fupi hutumwa kwa WhatsApp kwa wanaozitaka, ila wote wameelezwa kwamba WhatsApp hubana sauti na kwamba kile wanachokipata huko si cha kuhifadhi.

Kulikuwa na mambo ya kusitiri pia. Katika mikia miwili Bibi anazungumzia mpaka wa shamba na jamaa ambaye watoto wake bado ni majirani, tena kwa maneno makali. Mjomba mmoja alitaka sehemu hizo zifutwe kabisa, kwa hoja kwamba Bibi yuko mbele ya haki na hapendi kusikika akimsema mtu. Vijana walitaka zisikike, kwa hoja kwamba ni ushahidi wa shamba. Niliulizwa rai yangu nikasema kufuta ni uamuzi usiorudishika, na kusambaza nako hakurudishiki. Waliafikiana zibaki kamili kwenye diski mbili tu, ya Mjukuu na ya binti mkubwa wa Ami, na asisikilizishwe mtu wa nje ya watoto wa Bibi bila wao wawili kukubaliana. Nadhani walipatia.

Vijana wa Muscat walikuwa na wazo la kutengeneza video yenye picha za zamani, ngoma chini yake na sauti ya Bibi juu. Wazee hawakulipenda, nami sikulitetea. Walichokifanya badala yake kimetoka kwao wenyewe. Idd iliyopita nyumba zote mbili zilipigiana simu ya picha baada ya chakula, ukapigwa mkia mmoja, ule wa mkate, na pande zote mbili ulikuwa umeshapikwa. Kisha binti mkubwa wa Ami akanasa jawabu. Alianza kwa Bismillahi, akasalimu, akasema ama baada ya salamu, akamweleza Bibi kwamba mkate umeumuka na kwamba ute wa yai sasa wanaujua. Watoto wake wakaja mmojammoja kusema salamu zao. Jawabu hilo limehifadhiwa na tarehe yake, na mpango ni kwamba kila Idd mkia mmoja utapigwa na utajibiwa, Idd hii kutoka Muscat, ijayo kutoka Wete. Mikia iliyopo inatosha kwa miaka mingi.

Kazi iliyobaki ni ya majina. Ule msururu wa majirani waliokuwa wakija kutoa salamu una watu wengi ambao Bi Mdogo amewataja, na wengine ambao hakuwatambua. Kuna mzee wa kiume anayekohoa kabla ya kila neno. Kuna mwanamke anayemwambia Ami kwa haya kwamba alimngoja mpaka akachoka, na anacheka. Bi Mdogo anamjua ila amekataa kumtaja. Na kuna mtoto mdogo anayeingia haraka, anasema "Ami niletee baiskeli nyekundu" na kukimbia. Watu wanne wa ukoo, wote sasa wana watoto wao, kila mmoja anadai mtoto yule alikuwa yeye. Mmoja ameoa Chake Chake na hakuwapo kwenye kikao; msimu wa karafuu ukimalizika ataletwa Wete asikilize, na kaka zake wamepewa kazi ya kutafuta ni nani hasa aliyeletewa baiskeli.